Muhtasari wa Kikao, Mtaa wa Magomeni, Mtwara

Kikao kilifunguliwa saa nne badala ya saa tatu
kwa sababu ufunguo wa ofisi alikuwa nao mjumbe
aliyekwenda msibani Naliendele.
Tulikaa nje, kwenye mabenchi ya darasa la pili,
magoti yakitafuta videvu.

Ajenda ya kwanza: fedha.
Halmashauri imeleta milioni mbili na laki nne
na barua yenye mhuri inayosema, amueni wenyewe.
Barua ilipita mkono kwa mkono.
Bi Sharifa Litunungu aliigeuza, akachungulia nyuma yake,
akauliza, "Wenyewe akina nani?"
Siku ile sikuliandika swali hilo. Naliandika sasa.

Afisa alibandika bango ukutani:
Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Watu wakapiga makofi, maana methali haina gharama.
Kisha akasimama Esha Namtapika, mtoto mgongoni.
"Mimi ufa wangu siuoni kwa macho.
Nausikia kila tarehe ishirini na tano,
mwenye nyumba akianza kukohoa uani."

Ajenda ya pili: nani apewe.
Hapa kalamu ilishindwa na midomo.
Huyu anataka matofali, yule mabati,
mwingine anaapa kwamba kodi zikilipwa
fedha itatoka serikalini na kulala kwa Mzee Mchopa,
na Mzee Mchopa ana vyumba kumi na sita, choo kimoja.
Mzee Mchopa alikuwepo.
Alisema, "Viwili."
Tulicheka mpaka benchi likavunjika mguu.

Esha hakucheka. Alikuwa akihesabu kwa vidole.
Deni la miezi mitatu, laki na ishirini.
Akitolewa, chumba kipya kinadai miezi sita mbele,
na mkokoteni, na kitasa,
na mtoto mkubwa kuvuka mji mzima kwenda shule.
"Nisaidieni nikiwa bado ndani," alisema.
"Nikishatoka mtanilipia mara mbili,
na mara ya pili mtasema nimezoea."

Kimya.
Mzee Mchopa alikagua kofia yake, ukingo hadi ukingo.
Kisha akasema madeni yakilipwa hatapandisha kodi
mpaka malipo ya korosho za mwakani.
Iliandikwa. Akatia dole gumba.
Wino ulibaki kidoleni, hakujua aupangusie wapi.

Jina la tisa: Dadi Namtunda, mbeba magunia.
Fomu ina mstari unaouliza namba ya nyumba.
Alivua kandambili kwanza, kana kwamba anaingia ndani,
akasema, "Andika baraza la ghala,
nguzo ya tatu kutoka kwa mlinzi.
Msimu ukifika magunia yanapahamia, nami napisha."
Afisa alisema fomu haipokei nguzo.
"Basi fomu ndiyo isiyo na makazi," alisema Bi Sharifa,
akaninyang'anya kalamu,
akaandika nguzo, kwa herufi kubwa,
zikavuka mstari.

Kura zilipigwa kwa punje za kunde, kwenye kopo la maziwa.
Kaya kumi na moja zibaki zilipo.
Dadi alipiwe chumba miezi sita, chenye dirisha;
neno dirisha lilipigiwa kura peke yake.
Kilichosalia, laki tano na arobaini,
kikae benki kwa sahihi tatu
kumsubiri atakayekoholewa mwezi ujao.

Mengineyo.
Watu walipotawanyika Bi Sharifa alibaki akiokota kunde,
maana kunde ni mboga, kura au si kura.
Akaniuliza bila kuinua kichwa,
"Na wako wewe, mwandishi, anakohoa?"
Nikasema, yule ana pumu tu.
Hakujibu.
Punje moja aliiacha juu ya daftari langu.

Kikao kilifungwa saa saba na robo.
Shule inatudai benchi.